Aliyeizungukia Televisheni kwa Nyuma: Mhadhara juu ya Nam June Paik



Naomba nianze na televisheni iliyoharibika njiani.

Machi 1963, mjini Wuppertal, Ujerumani Magharibi, kijana wa Kikorea mwenye miaka 30 alikuwa akipanga televisheni kuukuu ndani ya nyumba ya msanifu majengo aliyeitwa Rolf Jährling. Jährling alikuwa ameifanya nyumba hiyo kuwa pia ukumbi wa maonyesho, Galerie Parnass. Televisheni moja ilikuwa imeumia katika kusafirishwa. Ilipowashwa haikuleta sura ya mtu wala maandishi. Ilileta mstari mmoja mweupe uliolala katikati ya kioo, basi. Mtu mwingine angeirudisha kwa fundi au angeitupa. Kijana yule aliisimamisha kwa ubavu, mstari ukawa wima, akaiacha iwake hivyo usiku baada ya usiku. Aliiita Zen for TV, yaani Zen ya televisheni. Nyingine iliyogoma kabisa aliilaza kifudifudi, kioo kikiangalia sakafu, nayo akaihesabu miongoni mwa kazi zake.

Kijana huyo ni Nam June Paik. Wapo wanaomwita baba wa sanaa ya video, na sina ugomvi nao. Ila nikiyatazama maisha yake yote, miaka 73, naona jambo moja likijirudia: huyu ni mtu aliyeizungukia televisheni kwa nyuma. Sisi wengine tulikaa mbele, kwenye makochi na mikeka, tukatazama tulichopewa. Nyuma tulimwachia fundi. Paik alikwenda huko alikokuwa fundi, akakaa huko, akauliza swali ambalo mtazamaji hana nafasi ya kuuliza: mashine hii inaweza kufanya nini kingine?

Vijana mliozaliwa na skrini bapa za ukutani mnivumilie kidogo. Televisheni ya zamani tuliiita ya kichogo, kwa sababu ya ule mgongo uliotokeza nyuma. Ndani ya kichogo kile mna tyubu ya kioo iliyotolewa hewa yote. Mwisho wake mwembamba una kifaa kinachorusha elektroni. Upande mpana, ambao ndio uso tunaoutazama, umepakwa unga unaowaka elektroni zinapougonga. Shingoni mwa tyubu zimevishwa koili za shaba zinazofanya kazi ya sumaku: huuvuta ule mwale wa elektroni kushoto na kulia, juu na chini, mstari kwa mstari. Katika mitambo ya Ujerumani ya wakati ule ilikuwa mistari 625, picha 25 kwa kila sekunde. Kwa hiyo picha tuliyoiona ikiwa kamili ni nukta moja ya mwanga iliyokuwa ikikimbizwa haraka mno hata jicho lisiweze kuifuata. Koili za kupandisha na kushusha zikikosa nguvu, mwale hubaki ukikimbia katikati tu, kwenda na kurudi. Huo ndio mstari wa Wuppertal. Paik aliielewa hitilafu ile kama fundi, ndiyo sababu aliweza kuiona kama msanii.

Waliokulia na televisheni hizo wanajua pia habari ya sumaku. Nilikuwa na miaka kama tisa nilipong'oa sumaku ya spika mbovu nikaisogeza kwenye kioo cha televisheni ya baba mdogo. Sura ya msoma habari ilivutika kama unga wa chapati mkononi mwa mpishi, ikageuka kijani, kisha zambarau. Nilipoiondoa sumaku, doa la zambarau lilibaki kwenye pembe ya kioo, na siku zilizofuata kila aliyetokea upande ule alikuwa na shavu la zambarau. Niliadhibiwa. Miaka mingi baadaye, kwenye kurasa za kitabu cha maktaba, nilikutana na picha ya kazi iitwayo Magnet TV, ya mwaka 1965: televisheni ya nyeusi na nyeupe ya inchi 17, na juu yake sumaku kubwa iliyopindwa kama herufi U. Matangazo yaliyokuwa yakiingia yamekunjwa yakawa mfano wa shela linalopeperuka gizani. Niliijua picha ile kabla ya kusoma maelezo yake. Siku hizi kazi hiyo imo katika jumba la makumbusho la Whitney, New York. Zamani mtazamaji aliruhusiwa kuisogeza sumaku kwa mkono wake mwenyewe, na kila aliyeisogeza aliipata picha ambayo hakuna kituo chochote kilichoirusha.

Paik alizaliwa Seoul tarehe 20 Julai 1932, mtoto wa mwisho katika nyumba ya watu wenye biashara kubwa ya nguo, wakati Korea ikiwa koloni la Japani. Alijifunza piano na utunzi angali mdogo. Vita vya Korea vilipozuka mwaka 1950 familia ilikimbia, ikapitia Hong Kong ikaishia Japani. Asingeikanyaga Korea tena kwa miaka 34. Naomba muishike namba hiyo, tutairudia.

Alisoma Chuo Kikuu cha Tokyo, akamaliza mwaka 1956 kwa tasnifu juu ya mtunzi Arnold Schoenberg, na mwaka huohuo akaenda Ujerumani Magharibi kuendelea na muziki. Alipita Munich, alipita Freiburg, akafika Cologne palipokuwa na studio ya muziki wa elektroniki ya redio ya huko. Yote hayo ni njia ya mwanamuziki msomi wa kawaida. Kilichoipindua njia hiyo ni kukutana kwake na Mmarekani John Cage katika mafunzo ya kiangazi mjini Darmstadt mwaka 1958. Cage ndiye aliyetunga, mwaka 1952, kazi ambayo mpiga piano huketi dakika nne na sekunde 33 bila kugusa ufunguo hata mmoja, na muziki unakuwa ni kikohozi cha aliye nyuma, mlio wa kiti, mvua inayopiga paa. Paik alikuwa akisema kwamba maisha yake yalianza jioni moja ya Agosti ya mwaka huo, akaihesabu miaka iliyotangulia kama watu wanavyoihesabu miaka ya kabla ya Kristo.

Mwanafunzi anayempenda mwalimu kiasi hicho atamlipa nini? Mwaka 1960, katika studio ya mchoraji Mary Bauermeister mjini Cologne, Paik alikuwa akipiga piano mbele ya watu wachache. Ghafla aliinuka, akamwendea Cage aliyekuwa ameketi miongoni mwa watazamaji, akaikata tai yake kwa mkasi. Akammwagia shampuu kichwani, yeye pamoja na mpiga piano David Tudor. Kisha akatoka nje. Watu walikaa wakingoja arudi. Baada ya muda simu ikalia: alikuwa Paik, akiwaarifu kwamba onyesho limekwisha. Katika desturi nyingi zetu kumgusa mwalimu hivyo ni laana. Lakini Cage mwenyewe ndiye aliyekuwa amefundisha kwamba lolote linaloweza kutokea ukumbini ni sehemu ya muziki, na mwanafunzi wake alilichukua fundisho hilo mzimamzima akalifikisha kwenye shingo ya mwalimu.

Nitasema wazi kwamba piano zilizovunjwa na Paik na wenzake wa kundi la Fluxus katika miaka ile zinanisumbua. Natoka mahali ambapo wanafunzi ishirini hupanga foleni kwa piano moja iliyochoka, yenye funguo zisizolia. Naelewa kwamba kwa kijana wa Seoul piano ilikuwa samani ya heshima, kitu cha Ulaya kilichowekwa sebuleni ili mgeni ajue amefika kwa nani, na kwamba kukivunja ni kuvunja ile heshima ya kuazima. Naelewa, na bado moyo wangu hauiendei. Moyo wangu unaiendea televisheni iliyowekwa pembeni mwa piano hizo.

Turudi basi Wuppertal, maana hapo ndipo penye kiini. Paik alikuwa amekodi chumba nje ya Cologne bila kuwaambia wenzake, akanunua televisheni zilizotumika, akasoma vitabu vya elektroniki, akazifungua. Maonyesho yalipofunguliwa mlangoni palining'inia kichwa cha ng'ombe aliyechinjwa karibuni. Ndani mlikuwa na piano nne zilizochokonolewa, na katika usiku wa kwanza Joseph Beuys, msanii ambaye baadaye angekuwa na jina kubwa Ujerumani, aliivamia moja kwa shoka. Kelele ile ndiyo watu waliyotoka nayo wakaizungumza. Televisheni, kama dazeni moja hivi, zilikuwa katika chumba chao, na wengi walizipita.

Maonyesho yalifunguliwa saa moja na nusu hadi saa tatu na nusu usiku tu, kwa sababu kituo cha televisheni kilikuwa kimoja nacho kilirusha jioni. Kituo cha pili cha Ujerumani kilianza Aprili ya mwaka huo. Angalieni jambo hilo: hapakuwa na mkanda hata mmoja wa video pale. Picha zote zilitoka hewani, zilezile walizokuwa wakizitazama majirani nyumbani kwao muda huohuo, ila zilipofika kwenye televisheni za Paik zilipinduka. Moja ilikuwa imeunganishwa na redio, na katikati ya kioo chake kulikuwa na nukta ya mwanga iliyokua na kusinyaa kadiri sauti ilivyopanda na kushuka. Nyingine ilikuwa na kipaza sauti mbele yake: ukisema neno, mwanga ulilipuka kioo kizima. Fikirini mtu wa mwaka 1963, amezoea kukaa kimya mbele ya sanduku linalosema peke yake, anainama kwenye kipaza sauti, anatamka jina lake, na sanduku linamjibu.

Sanaa ya video ilizaliwa hivyo, kabla video yenyewe haijamfikia msanii. Paik alikuwa akieleza kwamba televisheni imetushambulia maisha yetu yote na sasa ni zamu yetu kuirudishia. Ningependa neno hilo lisichukuliwe kama la hasira. Mtu mwenye hasira na televisheni huizima. Huyu aliifungua.

Mwaka 1963 alirudi Japani kwa muda, na huko akampata mtu ambaye bila yeye nisingekuwa na mhadhara: fundi mitambo Shuya Abe. Kwa pamoja waliunda roboti iliyoendeshwa kwa mawimbi ya redio, wakaiita K-456, jina la namba ya tamasha moja la piano la Mozart. Roboti hiyo ilitembea mitaa ya New York mwaka 1964, ikicheza hotuba ya Rais Kennedy kutoka kwenye kinasa sauti, ikidondosha maharage nyuma kama mavi. Watu walicheka, na walistahili kucheka. Miaka 18 baadaye, mwaka 1982, jumba la Whitney lilipomwandalia Paik maonyesho makubwa, aliitoa roboti ile barabarani igongwe na gari kwa makusudi, akaiita ajali ya kwanza ya karne ya 21. Kisha wakaizoa wakairudisha ndani.

Kazi kubwa zaidi ya wawili hao ni sinthesaiza ya video, waliyoikamilisha mwaka 1969 na 1970 kwa msaada wa kituo cha televisheni cha WGBH mjini Boston. Ni mashine inayopokea picha kutoka kamera kadhaa, ikazichanganya, ikazipaka rangi zisizo zake, ikazikunja, hapohapo, kwa mkono wa anayezungusha vitufe. Tarehe 1 Agosti 1970 WGBH waliirusha moja kwa moja kwa saa nne, muziki wa Beatles ukipigwa chini yake, na wapita njia waliitwa kutoka barabarani waje wazungushe vitufe wenyewe. Mashine hiyo inaitwa Paik-Abe. Majina mawili. Katika historia ya sanaa ni mara chache mno jina la fundi kukaa bega kwa bega na la msanii. Kwa kawaida fundi hulipwa, hushukuriwa, husahauliwa. Kama Paik asingefanya jingine lolote, kistari kile kidogo kati ya majina mawili kingetosha kunifanya nimheshimu.

Kuhusu kamera yenyewe kuna hadithi inayosimuliwa kila mahali. Tarehe 4 Oktoba 1965 Papa Paulo VI alizuru New York. Inasemwa kwamba siku hiyo Paik alinunua kinasa video cha kubebeka cha Sony, akiwa katika teksi iliyokwama kwenye msongamano alioleta Papa akazinasa picha za msafara, na usiku uleule akazionyesha katika mkahawa wa Café Au Go Go. Onyesho la mkahawani lilikuwepo. Lakini ile Portapak, kamera na kinasa chake cha begani, Sony waliitoa sokoni mwaka 1967, kwa hiyo chombo cha siku ile lazima kilikuwa kingine. Hadithi imependeza, nami nimeisikia walimu wakiisoma kama msahafu. Ningewaomba wanafunzi wetu waishike kwa mkono mwepesi. Ukubwa wa Paik hautegemei nani aliingia dukani kwanza.

New York ilimpa pia Charlotte Moorman, mpiga selo aliyesomea muziki wa Ulaya kwa ukamilifu wake kisha akaamua kuuweka mwili wake katika hatari kwa ajili ya muziki mpya. Tarehe 9 Februari 1967, akiwa anaipiga kazi ya Paik kifua wazi, polisi waliingia wakamkamata. Alitiwa hatiani, akapewa adhabu iliyoahirishwa. Paik ndiye aliyeitunga kazi. Fedheha ya magazeti ilimwangukia mwanamke. Sisemi hivi kumshusha Paik, nasema kwa kuwa haki inataka isemwe. Moorman hakurudi nyuma. Mwaka 1969 alivaa sidiria iliyotengenezwa kwa televisheni mbili ndogo, na sauti ya selo yake ikawa inazipinda picha kifuani pake. Mwaka 1971 walitengeneza selo yenyewe kwa televisheni tatu zilizopangwa moja juu ya nyingine, zenye nyuzi. Aliendelea kufanya kazi na Paik, na alifariki mwaka 1991.

Na yupo Shigeko Kubota. Alizaliwa Niigata, Japani, mwaka 1937, akaja New York katika mkondo uleule wa Fluxus, akaoana na Paik mwaka 1977. Alikuwa msanii wa video kwa haki yake, na alipanga mbao na maji na vioo kuzunguka televisheni kwa utulivu ambao mumewe hakuwa nao. Paik alitaka mengi, haraka, kwa sauti. Baadhi ya maroboti yake ya miaka ya 1980 na 1990, familia nzima za babu na bibi na watoto waliojengwa kwa masanduku ya televisheni za zamani, kwa macho yangu yanafanana mno. Kubota alitaka kitu kimoja kwa wakati. Ulimwengu ulimwita mke wa Paik kwa muda mrefu, na alifariki mwaka 2015 kabla jumba la MoMA halijamwandalia maonyesho yake mwaka 2021.

Nimesema Paik alitaka mengi, lakini kazi yake ninayoipenda kuliko zote ina vitu vitatu tu. Mwaka 1974 alikuwa na nafasi tupu ya kujaza katika maonyesho yake New York. Akachukua sanamu ya kale ya Budha, akaiketisha mbele ya televisheni, na nyuma ya televisheni akasimamisha kamera inayomtazama Budha. Basi. Budha anatazama televisheni. Televisheni inamwonyesha Budha anayetazama. Hakuna kinachotokea. Ukisimama pembeni unangoja, kwa sababu televisheni imetufundisha kungoja kitu kitokee, na hakitokei. Kisha unasogea kidogo kuona vizuri, na hapo, nyuma ya bega la Budha, kwenye kioo, unajiona wewe. Umeingia kwenye kipindi. Ukiondoka, Budha anabaki na nafsi yake. Mwaka huohuo mjini Cologne Paik aliiondoa sanamu akaketi yeye mwenyewe mahali pake. Nyingi katika picha tunazojipiga leo kwa simu, tukijitazama tunavyojitazama, zimo ndani ya Budha yule. Toleo la kwanza limo katika jumba la Stedelijk, Amsterdam.

Mwaka 1973, pamoja na John Godfrey wa kituo cha WNET, alikuwa amekamilisha Global Groove, kipindi cha nusu saa kinachorukaruka kutoka wacheza dansi wa Marekani hadi mcheza ngoma wa Korea, kutoka kwa Cage hadi tangazo la soda la Kijapani, kikitabiri siku ambayo mtu ataweza kufungua kituo chochote duniani na orodha ya vipindi itakuwa nene kama kitabu cha simu cha Manhattan. Mwaka uliofuata aliiandikia Rockefeller Foundation ripoti akitumia maneno yenye maana ya barabara kuu ya elektroniki. Wanasiasa wa Marekani walianza kuyasema maneno ya namna hiyo miaka karibu ishirini baadaye. Alilijua hilo, akajenga mwaka 1995 ramani ya Marekani yenye televisheni 336, kila jimbo likizungushiwa taa za neoni, na mahali pa mji mkuu akaweka kamera ndogo ili mtazamaji ajikute mwenyewe ndani ya ramani. Imo Washington, katika jumba la Smithsonian la sanaa ya Marekani.

Sasa ile namba niliyowaomba muishike. Mwandishi George Orwell alikuwa ameutaja mwaka 1984 kuwa mwaka wa jicho la serikali linalomtazama kila mtu kupitia skrini. Tarehe 1 Januari 1984 Paik alimjibu marehemu kwa setilaiti. New York ilikuwa saa sita mchana, Paris saa kumi na mbili jioni, Seoul saa nane usiku wa kuamkia tarehe 2. Studio ya WNET ya New York na kituo cha sanaa cha Pompidou cha Paris zilirushiana picha moja kwa moja: Cage, Moorman, Beuys, mshairi Allen Ginsberg, mwanamuziki Peter Gabriel, wote katika hewa moja. Mitambo ilikwama mara kadhaa, picha zikachelewa, waliotakiwa kwenda sambamba hawakwenda. Paik hakuona aibu kwa hilo. Alikuwa amejifunza Wuppertal kwamba hitilafu nayo ni mali. Mamilioni waliona, na miongoni mwao Wakorea waliokesha usiku ule kumwona mtoto wao waliyekuwa hawamjui. Mwaka huohuo alirudi nyumbani. Miaka 34.

Korea ikampa ukumbi. Kwa ajili ya mwaka wa Olimpiki ya Seoul, 1988, alijenga ndani ya jumba la taifa la sanaa ya kisasa huko Gwacheon mnara wa televisheni 1,003, kimo chake kama mita 18, mfano wa pagoda, akauita The More, the Better. Hesabu ile ni ya tarehe 3 mwezi wa 10, sikukuu ya kuanzishwa kwa taifa la Korea. Aliyemsimamishia mitambo yote ni fundi wa Seoul, Lee Jung-sung, mtu aliyekuwa akiishi kwa televisheni kabla hajajua neno sanaa ya video, na aliyebaki msaidizi wake tangu siku ile.

Mwaka 1993 Paik na msanii Hans Haacke waliiwakilisha Ujerumani katika maonyesho ya sanaa ya Venice wakashinda tuzo ya Simba wa Dhahabu. Mwaka 1996 kiharusi kilimpooza upande wa kushoto. Kubota alimuuguza, na akaigeuza safari ile ya mazoezi na kiti cha magurudumu kuwa kazi yake ya video. Paik aliendelea kutunga. Mwaka 2000 alimwaga maporomoko ya maji na miale ya leza ndani ya jumba la Guggenheim. Alifariki Miami tarehe 29 Januari 2006. Kwenye mazishi, New York, waombolezaji walipewa mikasi, wakakatana tai, wakaviweka vipande ndani ya jeneza lake.

Ameacha tatizo ambalo mchoraji wa rangi za mafuta haachi. Tyubu za kioo hazitengenezwi tena. Televisheni zinakufa moja moja, vipuri vinatafutwa kwenye mitumba, na mafundi waliojua kuzifungua bila kupigwa na umeme uliolala ndani wanazeeka. Wapo wanaosema zibadilishwe zote ziwe skrini bapa, maana Paik alipenda vitu vipya. Kwa ramani na minara nakubali kwa shingo upande. Kwa Magnet TV haiwezekani kabisa: skrini bapa haina mwale wa kuvutwa, ukiiwekea sumaku hakuna kinachopinda. Kazi ile itakufa siku tyubu yake itakapokufa, au siku atakapokosekana wa kuiwasha.

Mnara wa Gwacheon ulizimwa Februari 2018 kwa kuwa umekuwa hatari. Septemba 2022 uliwashwa tena. Televisheni 737 zilitengenezwa kwa vipuri vya kuokoteza. 266 ndogo zikawekewa skrini bapa. Ulipofunguliwa ulipangiwa kuwaka saa mbili tu kwa siku, siku nne kwa juma, ili maisha yake yasogezwe mbele kidogo.

Wanafunzi wangu wa sanaa, mjini humu wangali mafundi wazee wa televisheni za kichogo, kwenye vibanda vyao, na kichogo kimoja au viwili vimefunguliwa mezani. Nawaomba kabla ya muhula huu kwisha kila mmoja wenu akakae siku nzima na mmoja wao, upande wa nyuma wa meza, amwulize kila kitu, na aandike jina lake kwenye kazi atakayoileta darasani.